Mabwawa manane ya Oshino, na lile la tisa linalopigwa picha

Ukitafuta jina la Oshino Hakkai kwenye simu, picha ya kwanza kukujia itakuwa ya bwawa la mviringo lenye maji ya buluu iliyokolea, samaki wanene wakiogelea polepole, na watu wamelizunguka bega kwa bega wakiinamia ukingo. Maelezo chini yake yatakuambia kwamba hilo ni mojawapo ya mabwawa manane matakatifu yaliyo chini ya Mlima Fuji. Si kweli. Bwawa hilo linaitwa Nakaike. Limechimbwa na watu, liko katikati ya maduka ya zawadi, na halimo kabisa katika orodha ya yale manane.

Mgeni asiyejua jambo hili hushuka kwenye basi, hulipiga picha Nakaike, hununua keki ya mchele, hurudi kwenye basi. Amefika Oshino na hajaona alichokifuata, ingawa huenda amepita hatua chache tu kutoka kwenye bwawa lenyewe bila kuligeukia. Kwa nini bwawa zuri kuliko yote halimo, na kidimbwi ambacho ungekidhania cha kunyweshea ng'ombe kimo? Jibu linahitaji mambo mawili ambayo kwa kawaida huelezwa mbalimbali: jinsi maji yanavyosafiri ndani ya volkano, na jinsi mahujaji walivyokuwa wakitembea juu yake.

Oshino ni kijiji cha mkoa wa Yamanashi, kaskazini mashariki mwa Fuji, kwenye mwinuko wa mita 900 na ushei. Wakazi wake ni kama elfu tisa. Neno kijiji lisikudanganye ukadhani ni mahali palipolala: makao makuu ya Fanuc, kampuni ya roboti za viwandani inayojulikana kwa rangi yake ya njano, yapo humu humu, majengo ya njano katikati ya msitu. Jeshi la kujihami la Japani nalo lina kambi hapa. Nyumba za kuezekwa kwa nyasi unazoziona kwenye kadi za posta zipo kweli, lakini ni sehemu ndogo ya kijiji ambacho watu wake huamka asubuhi wakaenda kazini kama watu wa kwingine kokote.

Mabwawa yenyewe, kwa utaratibu wake, ni Deguchi, Okama, Sokonashi, Choshi, Waku, Nigori, Kagami na Shobu. Hayalingani hata kidogo. Deguchi ndilo kubwa kuliko yote, lina mita za mraba 1,467, na limejitenga na mengine kwa mwendo wa miguu. Okama, linalolifuata kwenye orodha, lina mita za mraba 24 tu, yaani kama chumba kimoja kikubwa, ila lina kina cha kama mita nne. Waku ndilo linalotoa maji mengi. Kagami siku nyingine huwa na maji haba hata mtu akajiuliza lina nini cha kuitiwa bwawa. Kwa hiyo ukubwa si kigezo, wala uzuri si kigezo. Manane haya yaliwekwa pamoja na watu waliokuwa wakiyapitia moja baada ya jingine, kwa mpangilio, wakielekea mlimani. Nitawarudia watu hao baada ya kuyafuata maji.

Fuji una urefu wa mita 3,776. Kila mwaka hupokea mvua na theluji nyingi mno, na bado kwenye miteremko yake huoni mito ya kudumu. Mlima huu ni wa lava na majivu, na miamba yake imejaa nyufa na matundu, hivyo tone likianguka huzama pale pale. Msomaji wa Mombasa anakunywa maji yenye historia kama hiyo: vilima vya Chyulu navyo ni vya volkano, navyo havina mito, na mvua inayonyesha juu yake hupotea kwenye miamba ikaja kuibukia Mzima, ndani ya Tsavo Magharibi, ambako bomba huyapeleka pwani. Tofauti ni kwamba Mzima wana viboko na mamba. Oshino wana samaki aina ya trauti.

Chini ya Fuji tunaouona kuna Fuji mwingine. Wanajiolojia huutaja mlima huu kwa vizazi: Fuji wa kale, na juu yake Fuji mpya uliojengwa na milipuko ya takriban miaka 10,000 iliyopita hadi leo, ukiwemo ule wa mwaka 1707 ambao ndio wa mwisho. Fuji wa kale umefunikwa kwa kiasi kikubwa na matope ya volkano yaliyoshikana, ambayo hayapitishi maji kwa urahisi. Fuji mpya ni lava yenye nafasi tele. Maji hushuka katika lava mpya mpaka yakagonga tabaka la kale, yakashindwa kuendelea chini, yakaanza kuteleza pembeni kufuata mteremko uliofichika. Pale lava inapokoma, au ardhi inapokatwa na bonde, hayana budi kutoka. Oshino imekaa kwenye bonde la namna hiyo hasa.

Wenyeji wana maelezo yao ya bonde hilo. Wanasimulia kwamba hapa palikuwa na ziwa kubwa, kwamba mlipuko wa miaka 800 hadi 802 uliligawa kwa lava likawa maziwa mawili, kwamba moja ndilo Yamanaka la leo na la pili, ziwa la Oshino, lilikauka baada ya mto kujichimbia njia ya kutokea. Mabwawa manane, kwa simulizi hiyo, ni macho ya chemchemi yaliyobaki ziwa lilipoondoka. Wataalamu wanabishana juu ya ukubwa wa ziwa hilo na tarehe zake, na mimi nisingeweka mkono wangu motoni kwa ajili ya mwaka wowote. Ila umbo la bonde ndilo hilo, tambarare lililozingirwa na milima, na chemchemi zimejipanga kwenye sakafu yake.

Kukaa kwa muda mrefu chini ya ardhi ndiko kunakoyapa maji haya tabia zinazowashangaza wageni. Yana nyuzi kama 13 mwaka mzima, kwa sababu joto la kiangazi na baridi ya theluji havifiki kina yanakopita. Asubuhi ya Januari, hewa ikiwa imeshuka mbali chini ya sifuri, bwawa hutoa mvuke na haligandi. Agosti maji yale yale hukutia ganzi mkono. Nasema hivyo kwa sababu kuna mahali palipotengwa pa kuchotea maji ambapo unaruhusiwa kuyagusa na kuyanywa, na siku hizi maduka hushindana kukuuzia chupa tupu za kujazia. Uangavu nao umetokana na mchujo wa miamba, pamoja na kwamba maji hubadilika muda wote: yanayoingia ni mengi, na yanayotoka ni mengi vilevile, hivyo uchafu na mwani havipati muda wa kujikusanya.

Buluu haina uchawi, wala hakuna anayetia dawa. Maji yoyote safi hunyonya sehemu nyekundu ya mwanga na kuiachia ya buluu, lakini mpaka yawe na kina cha kutosha ndipo jicho litambue. Katika glasi huwezi kuona. Katika shimo la mita kadhaa lisilo na vumbi wala mwani, utaona. Ndiyo maana Nakaike, lililochimbwa kwa kina, linang'aa kuliko ndugu zake wa asili: aliyelichimba alitengeneza, kwa kujua au kwa kutojua, bwawa linalotoka vizuri kwenye kamera.

Kuna namba utakayoikuta kila mahali kijijini, kwenye vibao, kwenye vipeperushi, hata midomoni mwa waongoza watalii: kwamba maji haya yalinyesha miaka 80 iliyopita. Inapendeza. Mtu anakunywa mvua iliyomnyeshea babu yake. Tatizo ni kwamba vipimo haviungi mkono namba hiyo kirahisi. Umri wa maji ya chini ya ardhi hupimwa, miongoni mwa njia nyingine, kwa tritiamu, aina ya haidrojeni yenye mionzi ambayo majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yaliimwaga angani kwa wingi. Mvua ya baada ya majaribio inabeba alama hiyo, na mvua ya kabla yake haina. Vipimo vya chemchemi mbalimbali za Fuji kwa kawaida huleta umri wa miongo michache, na umri huo hutofautiana chemchemi hadi chemchemi. Isitoshe, bwawa moja huweza kuwa na mchanganyiko, maji ya njia fupi na ya njia ndefu yakikutana mlangoni. Miaka 80 ni namba ya kibao. Sioni ubaya kuifurahia, mradi usiiandike kwenye mtihani.

Mwaka 2023 timu iliyoongozwa na mtafiti Oliver Schilling wa Chuo Kikuu cha Basel ilichapisha kazi iliyotia mashaka hata ule mchoro wa kawaida wa maji yanayoteleza juu ya tabaka la kale. Walipima heliamu, wakapima vanadiamu, madini ambayo maji huyapata kwa kukaa kwenye miamba ya basalti ya Fuji, kisha wakatafuta chembe za DNA za vijidudu ndani ya maji. Walikuta dalili kwamba katika chemchemi kadhaa za Fuji kuna maji ya kina kirefu zaidi yanayopanda juu, hasa palipo na mipasuko mikubwa ya ardhi, na kuchanganyika na yale ya juu. Fuji umekaa mahali ambapo mabamba matatu ya ganda la dunia yanakutana, kwa hiyo mipasuko haikosekani. Mchoro niliouelezea hapo juu bado unafaa, lakini kumbe chini yake kuna ghorofa nyingine.

Sasa watu. Katika zama za Edo, kati ya mwaka 1603 na 1868, wakazi wa mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo, walianzisha vyama vya kidini vya kuuabudu Mlima Fuji. Vyama hivyo huitwa Fujiko. Mwasisi wake anahesabiwa kuwa Hasegawa Kakugyo, mtawa aliyefanya ibada na kufunga katika mapango ya Fuji, na aliyevikuza zaidi ni Jikigyo Miroku, mfanyabiashara wa mafuta aliyefunga kula huko mlimani mwaka 1733 mpaka akafa. Wanachama wengi walikuwa mafundi, wachuuzi na wakulima, na safari ilikuwa ghali. Basi walichangishana fedha kila mara, wakapiga kura, na aliyeangukiwa na kura alikwenda kwa niaba ya wenzake. Aliyewahi kucheza upatu ataielewa hesabu hiyo bila kuelezwa.

Mlima haukupandwa hivi hivi. Hujaji alipaswa kujitakasa kwanza kwa maji, mwili na nia. Wengine walizunguka maziwa makubwa yaliyo chini ya Fuji, safari ya siku nyingi. Oshino ilikuwa na mzunguko wake mfupi, mabwawa manane ambayo mtu aliweza kuyapitia kwa miguu, akijimwagia maji au kujitumbukiza katika kila moja. Kila bwawa lilipewa mmoja wa Wafalme Majoka wanane, viumbe waliofika Japani pamoja na Ubudha kutoka India na waliosadikiwa kuyamiliki maji na mvua. Deguchi lilikuwa la Nanda, na kadhalika mpaka la nane. Kando ya mabwawa kuna mawe yenye maandishi yanayotaja joka la mahali hapo, nayo ndiyo alama rahisi ya kukuthibitishia kwamba umesimama penyewe. Mwaka 1843 mzunguko huo, ambao ulikuwa umezorota, ulifufuliwa rasmi, na mpangilio wa mabwawa ukafananishwa na nyota za kaskazini.

Msomaji anaweza kuuliza: majoka ya Kihindi yanafanya nini kwenye mlima wenye mungu wa kike wa Kishinto, dini ya asili ya Japani, aitwaye Konohanasakuya? Swali hilo lisingemsumbua hujaji wa wakati ule. Ubudha na Ushinto viliishi nyumba moja Japani kwa karne nyingi, na ni serikali ya Meiji, kuanzia mwaka 1868, iliyoamuru vitenganishwe. Oshino imebakia na athari za mpangilio wa zamani, mungu wa kike kwenye ngano ya bwawa moja na joka kwenye jiwe la bwawa hilo hilo.

Ngano zenyewe ndizo ninazozipenda kuliko kitu kingine chochote hapa. Choshi, bwawa dogo, lina ngano ya bibi harusi aliyekuwa akimimina pombe ya mchele mbele ya wageni, akatokwa na ushuzi. Kwa aibu alikimbia na chupa ya pombe mkononi akajitupa majini. Leo bwawa hilo linahusishwa na kupata mchumba, na sijaona mtu anayeeleza kwa kuridhisha imefikaje huko. Nigori lilikuwa angavu mpaka siku mtawa mchafu alipobisha mlango akiomba maji ya kunywa na mwenye nyumba akamnyima. Maji yakawa machafu papo hapo, lakini ukiyachota kwenye chombo yanakuwa safi. Katika Sokonashi, vyombo vilivyoteleza mikononi mwa waosha vyombo vilipotea moja kwa moja, kisha vikaibukia Okama. Kagami, linalobeba taswira ya Fuji siku zisizo na upepo, liliaminiwa kupambanua wema na uovu, na waliogombana walikwenda kujitakasa humo.

Ukizisoma ngano hizi ukiwa umeshaijua habari ya maji, utaona kwamba wanakijiji walikuwa wakichunguza. Vyombo vinavyozama huku na kuibukia kule ni dhana ya mfereji wa chini kwa chini unaounganisha mabwawa, na kwa mtu asiye na vipimo vya heliamu hiyo ni dhana ya maana. Maji yaliyochafuka ghafla ni jambo ambalo chemchemi hulifanya kweli, njia yake ya chini inapobadilika.

Vyama vya Fujiko vilififia baada ya Meiji, reli na basi vikaufanya mlima uwe wa matembezi. Mabwawa yakaanza maisha mengine, ya karatasi za serikali. Mwaka 1934 yalitangazwa kuwa hifadhi ya asili ya taifa. Mwaka 1985 yaliingia kwenye orodha ya maji mia moja bora ya Japani iliyotolewa na idara ya mazingira. Mwaka 2013 UNESCO iliuweka Fuji kwenye Urithi wa Dunia, na kila moja ya mabwawa manane likahesabiwa peke yake miongoni mwa maeneo 25 yanayounda urithi huo. Wengi hawaoni jambo moja hapa: Fuji haukuorodheshwa kama urithi wa asili, uliorodheshwa kama urithi wa utamaduni, kwa jina la mahali patakatifu na chanzo cha sanaa. Mabwawa yamo kwa sababu ya wale mafundi na wachuuzi waliochangishana nauli. Nakaike lingekuwa na buluu mara mbili ya ile, lisingeingia, kwa kuwa hakuna hujaji aliyejitakasa ndani yake.

Umaarufu huo umekuja na mzigo wake. Watu hutupa sarafu majini wakiomba bahati, desturi isiyo ya mahali hapa, na chuma na shaba huoza chini ya maji ambayo sifa yake yote ni usafi. Vibao vya lugha kadhaa vinakataza, kwa kuwa sheria ya kulinda mali za utamaduni hairuhusu kubadilisha hali ya hifadhi bila kibali, na hiyo inahusu kutupa, kuoga na hata kuokota. Katikati ya siku, mabasi ya watalii kutoka Tokyo yakishafika, njia iliyo kati ya Waku na Nakaike hugeuka soko. Sina ugomvi na maduka, mochi, ile keki ya mchele, iliyotiwa majani ya yomogi na kuchomwa mbele yako ni tamu na tambi za soba zilizotengenezwa kwa maji ya hapo zina haki ya kujisifu. Lakini mtu anayetaka kuona kijiji awahi kabla ya saa tatu asubuhi.

Kufika si kazi. Kutoka Shinjuku, Tokyo, kuna mabasi ya barabara kuu yanayokwenda upande wa Fuji kwa muda wa saa mbili hivi, mengine yakipitia Oshino yenyewe. Vinginevyo shuka kituo cha Fujisan au Kawaguchiko, kisha panda basi la kawaida kwa nusu saa au pungufu. Fuji huonekana vizuri zaidi miezi ya baridi, hewa ikiwa kavu, na kiangazi mara nyingi hujifunika mawingu siku nzima. Ukipenda maua ya sakura, kumbuka kwamba kwa sababu ya mwinuko hapa huchanua nyuma ya Tokyo, kuelekea mwisho wa Aprili, kandokando ya mto Shinnasho.

Sokonashi limo ndani ya uwanja wa makumbusho madogo yenye nyumba ya kale ya nyasi, na kiingilio chake ni kidogo. Wengi huukwepa mlango huo wakidhani ni duka jingine, hivyo huondoka wameona mabwawa saba, au sita, kwa kuwa Deguchi nalo huwapita. Deguchi ndilo la kwanza kwenye utaratibu wa mahujaji na ndiko walikochota maji ya kupanda nayo mlimani, lakini liko mbali na maduka, na basi la watalii haliwapi watu muda wa kulifikia. Ukitaka kuyamaliza yote manane kwa mpangilio wake, anza huko, tenga saa mbili, na uangalie ratiba ya basi la kurudi kabla hujaanza kutembea, maana ya jioni ni machache.